Babu Isbert Alivyonilisha Makapi

Moore Town,
Portland, Jamaika.
9 Novemba, 2014

Mpendwa kaka yangu Renford,

Hamjambo huko Birmingham? Wifi naye na goti lake, anaendeleaje? Baridi imeshaanza kuwatafuna? Sisi huku wazima, na safari hii naandika "wazima" kwa moyo mweupe, maana mwezi uliopita nisingethubutu. Mvua imepiga, mto umejaa, lakini mishelisheli imezaa na supu ya konokono tunakunywa mpaka tunasaza.

Kaka, kaa kitako kwanza. Yale maneno ya Kikromanti, lugha ya wazee wetu, niliyokutumia mwezi wa Machi, ukayasoma kwenye arusi ya binti yako Dahlia watu wakakupigia makofi, ni ya uongo. Yote! Ukicheka utajua mwenyewe.

Unajua Babu Isbert ndiye pekee aliyebaki na maneno kamili ya kuwaita wazee wetu waliotangulia. Miaka miwili nilimfuata shambani na daftari, yeye anachimba viazi vikuu, mimi naandika. Nikajiona mtu kweli. Siku moja nikaenda kumsomea Bi Icilda, jirani yetu, ambaye hajui kuita, anajua kuitikia tu. Alicheka mpaka kilemba kikamvuka.

"Isbert kakulisha makapi, mwanangu! Ndiyo anayowapa wote wanaokwenda na kalamu."

Asubuhi yake nikafunga safari kwenda kumpasha. Sikufika. Nilikutana na majirani wamembeba kutoka shambani, presha imemwangusha. Tukamkimbiza hospitali, Port Antonio.

Siku nane hakutamka neno. Sikubanduka kitandani pake. Nilimlilia yeye, na nikalilia yale anayoondoka nayo, maana akifa yamekwisha. Na nilikuwa na uchungu naye: kaniona mgeni, mimi ninayemfulia mashati!

Siku ya tisa akafumbua macho, akaulizia kiko chake. Nikamwambia hapa hakuna moto wala tumbaku. Akacheka. Mara nikashtuka: kaniuliza kwa Kikromanti, nami nimemjibu kwa Kikromanti bila hata kufikiri! Kumbe "lete maji", "koka moto", "sogea kivulini" za kila siku zilikuwa zinaniingia. Sikuziandika hata moja, nilidhani ni porojo za shambani.

"Miaka miwili umeinama kama karani wa mahakama," akasema. "Nani alikwambia lugha inakaa kwenye daftari?"

"Na uongo wote ule, Babu?"

"Hata mimi nililishwa. Mwenye kununa huenda zake. Wewe mbona upo hapa, unanuka dawa?"

Wee Renford, nilishusha pumzi ambayo sijui niliibeba tangu lini.

Tangu arudi nyumbani ananifundisha kila asubuhi, bila kalamu. Jumamosi ya tarehe mosi alinikabidhi chupa ya ramu nyeupe ya tambiko mbele ya watu. Nilimimina chini, nikawaita wazee wetu kwa majina, na Bi Icilda na wenzake wakaitikia. Nililia waziwazi, wala sioni haya. Usiniombe nikuandikie niliyoyasema. Panda ndege uje, na Dahlia umlete.

Jana nilimwuliza Babu kama nimehitimu. Akasema bado, kuna maneno matatu hanipi. Nilinuna kutwa nzima, mpaka Bi Icilda aliponigombeza: "We Verna, umesahau kwetu mtu hatoi yote mpaka ajue anaondoka?" Nikarudi mbio kwa Babu, nikamwambia ayakalie maneno yake hata miaka ishirini.

Nisalimie wifi na Dahlia na mumewe. Babu anakusalimu, anasema umnunulie kiko kipya, cha zamani nimekificha. Mungu na wazee wetu wawalinde huko ugenini.

Mimi dada yako, nikupendaye hata usipoandika,
Verna