Kazi ya Macho Yasiyoona

Kwako Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu, pole na shughuli. Natumaini wewe, shemeji na Chiriku wetu hamjambo, na kwamba ule mguu wako umepunguza usumbufu. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Barua zangu huandikwa na wifi yako, lakini hii nimeichapa mwenyewe kwa ile taipureta yangu ya tangu shuleni, naye hajui. Kwa hiyo ukikuta mstari umepanda juu ya mwenzake, vumilia. Sina wa kunisomea.

Nakuandikia kwa ajili ya operesheni ya Chiriku. Nakuomba usimpeleke. Najua hapo umeshaguna na kusema nimeanza tena. Sema unavyotaka, ila usome mpaka mwisho, ndipo unitukane.

Kwanza nikupe habari za kazi, maana ulizisikia juu juu. Kiwandani sipo tena. Unajua kazi yangu ilikuwa kupapasa magodoro kabla hayajavishwa vitambaa: natandaza viganja, napita kutoka kichwani hadi miguuni, natafuta sponji iliyoungwa vibaya au gundi iliyoganda kama kokoto. Msimamizi alikuwa akinisifu mbele ya wageni mpaka naona haya. Basi mchana mmoja, nikiwa nimeinama juu ya godoro zuri kupita yote, nikalala juu yake. Sikuzimia wala nini. Nililala fofofo, mate yakanitoka. Wenzangu wakanifunika kitambaa cha maua, wakalisukuma godoro pamoja na mimi mpaka kwa washonaji, wakauliza kama naye huyu anashonewa ndani. Nilipoamka nilicheka kuliko wao. Toka siku hiyo wakaniita Popo. Mtu asiyelala ndiye anayekagua magodoro ya watu. Hata wewe ungekuwepo ungecheka.

Kicheko kiliisha niliporudia. Msimamizi aliniita akaniuliza kama nimeanza kulewa. Nilimweleza kwamba usiku nakaa kitandani kama niliyekunywa debe zima la kahawa, na mchana mwili unakatika ghafla. Alinihurumia. Ila balaa la ugonjwa wangu, Dada, ni kwamba huwa unaondoka. Usingizi wangu unasogea. Unakuja usiku kama wa watu, baadaye unakuja alfajiri, kisha unakuja saa za kazi, na hivyo hivyo unazunguka mpaka unarudi mahali pake. Ukirudi napata siku chache za kulala kama binadamu. Nafanya kazi, nataniana, kila mtu anasema nimepona. Halafu unaanza kusogea tena. Msimamizi akaona namchezea akili: wiki hii mzima, wiki ijayo maiti. Mwishowe aliniandikia barua ya kuniachisha, akanisomea mwenyewe kwa upole. Simlaumu.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Nimemshutumu wifi yako kwamba ananificha viatu, kumbe nimevivaa. Nimeunguza sufuria nikiwa nimesimama mbele ya jiko hilo hilo. Naanza sentensi, nafika katikati, sijui nilikuwa naelekea wapi. Zamani alikuwa ananigombeza, sasa ananijibu ndiyo kwa kila kitu, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Amehamia kulala chumba cha mbele ili apate nguvu za kukaa kwenye cherehani. Namsikia akikoroma huko, namwonea wivu mke wangu kwa kukoroma. Sidhani kama atafika mwakani akiwa hapa, na mimi sina uso wa kumzuia.

Ulinishauri nioge maji ya moto, niache chai, nisali. Nilifanya yote. Kisha nikaenda kwa daktari mmoja mwanamke, mgeni pale hospitali yetu. Hakuniuliza nina mawazo gani kama wenzake. Aliniuliza usingizi uliharibika lini, nikamwambia tangu nilipooa. Akacheka kidogo, akauliza kabla ya hapo kulitokea nini. Nikasema hakuna, isipokuwa nilitolewa macho yangu mabovu nikawekewa ya bandia. Akaacha kucheka.

Alinieleza kwamba mwili una saa yake kichwani, na ya wengi wetu ikiachwa peke yake inachelewa kidogo kila siku. Kila asubuhi mwanga unairudisha sawa, na mwanga hauna njia ya kuifikia ila machoni. Nikamwambia mimi sijajua mwanga tangu utotoni. Akasema kuna macho yasiyoona hata taa ikiwashwa mbele yake, lakini bado yanaupeleka ule mwanga kwenye saa bila mwenyewe kujua. Anaamini yangu yalikuwa hivyo, ndiyo maana miaka yote nililala usiku na kuamka asubuhi. Niliuliza kama yanaweza kurudishwa. Jibu nilikuwa nalo, ila niliuliza. Alinipa vidonge, akasema vinawasaidia baadhi ya watu. Nilivimeza saa ile ile aliyoniagiza, mpaka vikaisha. Mimi simo katika hao baadhi.

Sasa nikwambie nililokuficha tangu siku ile. Unakumbuka wazo lilikuwa la nani. Wewe ndiye uliyesema nisitokee kwenye picha za harusi na macho yanayozunguka huku na huku, yenye tongotongo kila saa. Wewe ndiye uliyembembeleza daktari wa macho. Mimi nilikubali mwenyewe, nilitaka wakwe waache kunong'ona, kwa hiyo sikutupii mzigo wote. Nilinyamaza nisikuue kwa uchungu. Na nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe mpaka nikauogopa mdomo wangu. Kuna siku nimekuchukia, Dada. Nimekaa kitandani kunakucha, nasikia wenzangu wanaamka, nakuchukia wewe uliyenilea.

Ndipo ukanipigia simu kwa furaha kwamba Chiriku, mwenye ugonjwa ule ule wa macho, naye atatolewa likizo hii, awekewe mazuri kama ya mjomba wake. Lo! Wakati ule nilikuwa sijalala. Nilipayuka, nikalia, nikakwambia macho ni saa, nikachanganya na mambo ya kiwandani. Ukasema kukosa usingizi kumenitia wazimu, ukanipa pole, ukakata. Nani angeniamini? Si ni mimi niliyekupigia kabla ya hapo kukwambia baba anagonga mlango, na baba tulimzika sote?

Nikaamua kungoja usingizi uzunguke urudi, nikuandikie nikiwa na akili zangu. Umerudi. Jana nililala usiku kucha. Rudia barua yote utafute neno moja la wazimu, utalikosa. Lakini kungoja kumechukua siku, na tangu asubuhi nawasikia watoto wa jirani wakicheza uani. Shule zimeshafungwa.

Wewe mwenyewe husema Chiriku analala mapema na anawaamsha nyote kwa kuimba kukipambazuka. Basi macho yake yanafanya kazi, Dada. Yana kazi moja tu, mwachie. Wanaomcheka njiani na wageuze shingo zao watazame kwingine.

Dereva wa magodoro anaondoka mchana huu, atakupa barua mkononi. Ikikufikia kabla hujampeleka, nipigie, useme lolote, hata kunitukana. Ikiwa mtoto ameshatoka hospitali, usinipigie. Dereva nimemwomba asiniletee jibu la mdomo. Niache nidhani barua ilianguka njiani.

Wifi yako angekusalimu kama angejua. Msalimie sana shemeji, na majirani wanaonikumbuka. Nawe umbusu Chiriku machoni kwa niaba yangu.

Ni mimi,
Mdogo wako.