Mahali Godwin alipokuwa siku ya kuaga

Daniel, simama wima. Taifa linatangaziwa kwamba Mheshimiwa Godwin, yaani mimi rafiki yako, shahidi wa historia, leo amefedheheka mbele ya bakuli la loshoro, ule uji wa mahindi na maziwa mgando.

Alikuwa kwa Mama Simaloi, hapa Moshono, kwenye kumbukumbu ya ile ajali ya basi la wanafunzi iliyomchukua Simaloi. Kila mtu akawa anasema alikuwa wapi. Godwin naye asipitwe.

“Mimi nilikuwa uwanjani siku ya kuaga miili. Niliyaona majeneza yote.”

Yote, Daniel! Alisema yote!

Mama Simaloi akaweka kijiko chini. “Mimi nilizimia, sikufika. Miaka yote naogopa kuuliza. La Simaloi lilikuwa na maua, mwanangu?”

Maua. Aliniuliza kama kulikuwa na maua.

Bibi yangu akadakia, “Huyu? Alikuwa kwangu Kikatiti na tetekuwanga, nimempaka dawa mwili mzima!”

Watu wakacheka. Mama Simaloi hakucheka. Alikuwa bado anasubiri jibu.

Nikamwambia, “Sikuwepo, mama. Nilikuwa mtoto mdogo, nalia kwa sababu kila chaneli ilionyesha majeneza, na mimi nilitaka katuni. Maua sikuyaangalia.”