Umeniandika Mdhamini Wako

Baba Faraja,

Salamu sina. Nimesikia umerudi kutoka Nakonde, huko Zambia, umepanga chumba Vwawa, umenenepa, na miwani ya jua unavaa hata ukiwa ndani ya nyumba.

Unakumbuka kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilipotupa mkopo wa duka letu la vitenge pale Tunduma? Kesho yake ulinunua viatu vya ngozi, ukavitembeza soko zima. Nilipokukumbusha marejesho ulinicheka: "Mama Faraja, anayelipa mapema anajipendekeza tu." Kisha ukavuka mpaka kufuata mzigo. Mzigo gani, mpaka leo sijauona.

Mlangoni nilibaki mimi, wanakikundi walipokuja kubeba vitenge, kochi na televisheni. Wanawake ninaosali nao walibeba hadi sufuria zangu, wakiona haya kunitazama. Duka likafa. Na wewe hata simu hukupiga, bwana mkubwa.

Nikahamia Mlowo kuuza maharage. Nikimwomba mkulima wa Hasamba gunia kwa mali kauli, nimlipe nikishauza, ananijibu, "Lipa kwanza, mama." Jina langu lilishaoza kwa ajili yako. Basi nikaanza kukopa nisichohitaji. Pesa ninayo mfukoni, lakini nachukua debe moja kwa mali kauli, na jioni namrudishia mwenyewe hela yake kabla hajadai. Wakulima walidhani nimechanganyikiwa. Polepole debe likawa gunia, gunia likawa magunia, na kikundi kikanipokea tena. Nilijipendekeza, ndiyo. Nililia pia, na hapakuwa na wa kuniambia pole.

Juzi mwenyekiti wa kikundi kimoja cha Vwawa kanipigia. Kumbe umeomba mkopo, ukaniandika mimi mdhamini wako bila hata kuniuliza. Hata hasira sikupata. Nilikudharau tu, kama mtu anavyodharau mvua ya manyunyu.

"Mama, neno lako tunaliamini," akasema. "Huyu tumpe?"

Zamani ningekufichia aibu. Safari hii nilimweleza yote, taratibu, bila kupunguza. Nilipomaliza ndipo akaniambia kwamba simu ilikuwa kwenye spika, na kikao kizima kilikuwa kinasikiliza.

Kwa hiyo Jumamosi ukienda kikaoni, usihangaike kujitambulisha.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Faraja