Rada ya Nchi Tatu na Kaburi la Anaeli

Jumatatu, 7 Juni

Baridi. Ng'ombe kapiga teke ndoo ya maziwa. Nimemtukana, kisha nikamwomba radhi. Ndiye pekee ninayezungumza naye asubuhi.

Wapima ardhi wamerudi. Kigingi chekundu katikati ya migomba yangu, karibu kabisa na kaburi la mume wangu. Hawakupiga hodi. Nimeleta kigoda, nimekaa kando ya kigingi, nimekula kiporo changu cha makande taratibu mpaka wakaona aibu wakaondoka.

Jumanne, 8 Juni

Sasa najua wanachotaka. Nchi tatu jirani zimepatana kulinda anga kwa pamoja. Zitajenga rada za kuona ndege ya adui au kombora likiwa bado mbali, na atakayeona kwanza atawaambia wenzake. Wakubwa wa majeshi wanakutana hotelini mjini wiki nzima. Wamekipenda kilima chetu. Siwashangai. Siku isiyo na ukungu, kutoka kwenye migomba yangu naona tambarare yote hadi Umasaini.

Amekuja Meja wa jeshi letu, kijana mwenye adabu. Shikamoo mara mbili. Eti kaburi litahamishwa kwa heshima, na tarumbeta zitapigwa. Eti marehemu angefurahi, kwa kuwa vitani alikuwa kwenye mizinga ya kutungulia ndege.

Eti! Anaeli alirudi na sikio moja linalosikia. Alitaka kitu kimoja tu: alale kwenye migomba ya baba yake. Nilimwahidi mimi, akiwa ameushika mkono wangu. Meja hakuwepo.

Rada siipingi. Anaeli alinisimulia jinsi watu wanavyokimbia wakisikia ndege wasiyoijua, na mama anavyosahau mtoto yupi kambeba. Basi walinde. Ila wasianze kwa kumfukua mlinzi.

Jumatano, 9 Juni

Soko la Tengeru. Habari imenitangulia. Rada italeta umeme, italeta lami, na mimi ndiye kizuizi. Muuza nyanya mwenzangu kanisemea mbele za watu: "Mama Neema, unatunyima umeme kwa ajili ya mfu?" Imeniuma. Nimemjibu maneno ambayo mzee wa kanisa asingeyapenda.

Shemeji Elifasi, mdogo wake Anaeli, anawaambia wanaume kwamba ardhi ni ya ukoo na mjane hana sauti. Ameahidiwa usimamizi wa vibarua. Kahawa imemtupa tangu wanunuzi binafsi waje, leo bei hii, kesho nyingine. Namwelewa. Simwachii.

Ijumaa, 11 Juni

Wamekata masale.

Nimekaa kwanza. Masale yale, mimea ya majani marefu, aliyapanda baba mkwe, mstari mmoja kati ya shamba la Anaeli na la Elifasi. Kwetu mpaka ni huo. Hata walevi huuzunguka. Leo vibarua wameufyeka ili lori lipite, Elifasi akitazama.

Nimeshuka mjini. Nimempitia binti yangu Neema kwenye chumba chake Kaloleni, kaniazima viatu, tumekwenda hotelini. Mlinzi hakutufungulia. Nikasema nitasubiri. Nikasubiri, kwa sauti. Ametoka Kanali wa nchi jirani, mnene, na sigara. Kasikiliza yote. Kwao hakuna masale, ikabidi nimweleze. Akasema ndani wanabishana tangu asubuhi askari wa nchi ipi wakae mbele ya mtambo. Nikamwambia bora wao wamekaribishwa ndani.

Jumapili, 13 Juni

Wamekuja baada ya ibada. Meja, Kanali, wazee wawili wa ukoo, na Elifasi mbele, ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

Nikajua papo hapo nani kawafundisha. Kwetu ukiletewa isale, hukatai. Hata kama aliyekukosea kamwaga damu, unapokea, na ugomvi umekwisha. Elifasi alikuwa anatabasamu. Nilitamani kumzaba kofi na jani lake hilo hilo.

Nimelipokea. Mikono miwili, kichwa chini, kama inavyotakiwa. Wote wakashusha pumzi. Meja akatoa karatasi na kalamu.

Nikasema: "Isale huomba msamaha. Mmekata mpaka wangu, nimewasamehe wote. Hata wewe, shemeji. Ardhi haiombwi kwa isale. Kalamu rudisha mfukoni, mwanangu."

Wazee wakatazamana. Yule mkubwa akakohoa, akasema mama yuko sahihi, na tangu lini isale likanunua shamba. Kanali alicheka mpaka akashika tumbo. Meja alikunja karatasi zake polepole.

Nina furaha mbaya usiku huu. Niache niwe nayo.

Alhamisi, 24 Juni

Vigingi wameving'oa. Rada itajengwa kilima kingine. Wengine wanasema hata nchi nyingine. Hakuna aliyekuja kunieleza.

Umeme hautakuja. Kisimani wanawake wamenipa nafasi nichote kwanza, ili niondoke mapema. Nimechota.

Elifasi anapita kila siku kuchukua maziwa ya mtoto wake mgonjwa. Nampa. Nilishapokea isale lake, siwezi kumsema tena, wala kwa Neema, wala kwa ng'ombe. Haya ndiyo ya mwisho kuyaandika juu yake.

Sijuti.

Mchana ndege imepita juu sana, ikienda nisikokujua. Sijui ni ya nani. Nimesimama na jembe mpaka mlio ukapotea. Kisha nimemalizia kupalilia pale kwa Anaeli.