Shangazi Aliwapa Kumi

Alhamisi. Mvua ilinyesha alfajiri, kisha jua likatoka kama vile halihusiki. Niliamka na furaha ya kijinga, nikacheka peke yangu huku napiga mswaki.

Hii nikiiweka moyoni nitapasuka.

Kwa mgeni wa hapa: kazi yangu ni kuyapa alama makampuni makubwa. Si alama za faida, hizo wana wahasibu wao. Sisi tunaangalia wanatunzaje mazingira, wanaishije na wafanyakazi na majirani zao. Benki husoma alama zetu kabla ya kuwakopesha.

Wiki iliyopita nilipewa kampuni moja ya vinywaji yenye ghala Kariakoo, mtaa uleule wa shangazi yangu Ndeshi na duka lake la vitenge. Ripoti yao sasa, weee! Karatasi inang'aa, mkurugenzi kakumbatia mche wa mti. Ila lazima tuwaulize majirani. Nilimwambia bosi kwamba mtaa ule wananijua tangu mdogo. Akasema ndiyo vizuri, watakufungukia.

Nikaenda. Shikamoo huku, shikamoo kule, chai na vitumbua hadi tumbo likagoma. Nikawauliza wote: hawa jirani zenu mnawapa ngapi kati ya kumi? Kumi. Kumi. Mzee wa cherehani alitaka kuwapa kumi na moja. Shangazi naye akatamka kumi, kwa sauti, kidole juu.

Nilirudi ofisini Mchafukoge nimechanganyikiwa. Mfereji wa mtaa ule umezibwa na chupa na nailoni za ghala hilohilo. Mvua kubwa ya mwisho iliingia dukani kwa shangazi ikalowesha majora yote ya chini. Nilikuwepo, nilimsaidia kuyaanika huku analia. Na masika yanakaribia. Kumi hizo zikifika benki, mkopo unatoka na mfereji unabaki vilevile. Nani atawabana tena?

Jumatatu jioni shangazi akapiga simu. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mwanangu, wamekupandisha cheo?"

Cheo gani tena?

"Si zile kumi! Mtaa mzima tumekupigania."

Mungu wangu. Walidhani anayefanyiwa mtihani ni mimi.

Nilicheka, halafu nikalia kidogo, sitaficha. Watu wamekubali kulowa ili mimi nisikose kazi. Nikamweleza taratibu kwamba alama zile ni za kampuni. Akashusha Kichaga ambacho siwezi kukiandika hapa.

Jumanne nikamwambia bosi kila kitu. Akanitoa kwenye kazi hiyo, akamtuma Sudi, mwenzangu wa Magomeni ambaye pale hajulikani na mtu. Mimi nikabaki ofisini natafuna kucha.

Jana Sudi karudi viatu vimejaa tope, anacheka hadi kusema hawezi. Alimuuliza mtu mmoja tu, mtaa mzima ukaja! Walimpeleka mferejini wakampa mti aukoroge mwenyewe. Shangazi kawapa mbili: moja kwa sababu mlinzi wao huwaruhusu akina mama kutumia choo, ya pili kwa ajili ya Mungu.

Leo asubuhi alama mpya zimewafikia. Wakapiga simu, wakafoka weee, bosi anawasikiliza tu huku anakunywa chai. Mchana shangazi akanitumia picha: vijana wa kampuni wamo mferejini na makoleo, yeye kasimama pembeni kajishika kiuno utadhani ndiye kawaajiri. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Je, wataendelea hivyo hivyo, au ni woga wa leo tu? Sijui. Masika yatatuambia. Mimi nitapita kule Jumamosi, si kwa kazi, kumsaidia shangazi kurudisha majora kwenye rafu za chini. Amesema safari hii anathubutu.

Kuna kitu Sudi alikisahau, kanieleza jioni hii tukifunga ofisi. Alipokuwa anaondoka, shangazi alimkimbilia, khanga mkononi, akamwamuru aandike vizuri asije akachanganya: yule binti aliyekuja mwanzo, yeye kumi yake isiguswe.

Sudi aliandika.