Neno Moja kwa Mashini Saba

Lundi, 4 Juni 2001, Butembo
Mashini ya saba leo, kompyuta ya dispensaire ya Bungulu. Kesho inapanda gari. Disketi yangu inafanya yote: jina la infirmier, muuguzi wa pale, kisanduku chake cha email, adresi ya mashini kubwa hapa kwa bureau ya kanisa. Zamani niliandika kila kitu kwa mukono, nusu siku kwa mashini moja, mutoto wangu Kahindo kwa mugongo analia. Sasa ni kuingiza na kungoja. Neno la siri niliweka moja kwa bote. Bainfirmier banasahau. Na huku kwetu barua inafunguliwa na mutu wa kwanza mwenye kuikuta, anasomea bengine. Hakuna ubaya.

Mercredi, 6 Juni
Ubaya uko. Katibu wa komanda wa basoda alikuja bureau. Hata salamu, hapana. Anataka neno la siri. Barua moja niliisoma mwenyewe: infirmier wa Kalunguta aliandikia munganga wa Beni majina ya vijana batatu; balikimbia kambi ya basoda, amebalaza kati ya bagonjwa ba malaria. Komanda akisoma, atabatoa kwa kitanda. Ufunguo moja kwa milango saba, na ni mimi niliuchonga. Mujinga mimi.
Nilimudanganya katibu: mashini iko mugonjwa, arudi samedi. Pasteur, mukubwa wetu, alisema nimupatie tu, tuko na batoto. Mimi pia niko na mutoto. Hapana.

Jeudi, 7 Juni
Disketi mpya, saba. Kila mutu atachagua neno lake, mimi nisilijue. Barua ikichukuliwa na mwenyewe, huku kwa mashini kubwa inafutika. Za zamani nilifuta zote. Kwa phonie, redio yetu, sikusema kitu, kila mutu anasikiliza. Zimeondoka na pikipiki ya kanisa na gari ya samaki.

Vendredi, 8 Juni
Nimechoka mpaka kwa mifupa. Mama Kavira, infirmière wa Kyavinyonge, alituma karatasi na dereva wa gari ya samaki: tangu lini ndugu anafichia ndugu barua? Nilimujibu: «Tangu basoda banajua kusoma, mama.» Jioni alibadilisha neno lake. Alikuwa wa mwisho.

Samedi, 9 Juni
Katibu na basoda babili. Nilimuonyesha orodha ya visanduku vyote kwa mashini kubwa. Tupu. Neno? Silijui, na ni kweli.
«Si wewe chef wa mashini?»
«Ni mimi. Kufuta kisanduku naweza. Kusoma, hapana.»
«Likambo te, hakuna shida, mama. Tutabeba mashini.»
«Bebeni na vumbi yake, papa.»
Balibeba. Na kiti changu pia, basi. Pasteur alitazama viatu vyake. Sikuomba musamaha. Sitaomba.

Mardi, 19 Juni
Pikipiki imerudi toka Kalunguta. Basoda balipita kwa dispensaire, bila jina hata moja. Balikuta batu banatetemeka na homa, balirudi. Vijana baliondoka siku ya pili, kwa miguu yao.
Pasteur bado hanisalimii.
Mvua kidogo. Kahindo amelala juu ya meza, pale mashini ilikuwa. Meza ni kubwa kuliko nilivyofikiri.