Jicho Jekundu Wiki ya Harusi

Jumatatu, 15 Januari 2024
Nimeamka jicho la kushoto limegandana. Jekundu kama nyanya! Mji wetu wote wa Igawa unaugua macho, lakini kwa nini na mimi, wiki ya harusi yangu? Shangazi Chiku kanikataza kwenda zahanati. Eti wataniambia nijitenge na watu, na bibi harusi hajitengi. Kanitia jichoni chai ya rangi iliyopoa. Kasahau ina tangawizi. Nimeruka hadi uani!

Jumanne, 16 Januari
Leo maziwa ya mama. Jirani yetu Evarista kaja na mwanae mgongoni, akanilenga moja kwa moja. Ya kwanza puani. Ya pili sikioni kwa shangazi. Mtoto kalia muda wote — na haki anayo. Mchumba wangu Faraji kapiga simu toka Chunya: Amna mpenzi, nenda hospitali. Nikamwambia ni vumbi tu.

Jumatano, 17 Januari
Shangazi kaja na kichupa. Kwenye lebo, picha ya kuku! Nikashtuka. Shangazi akasema: kuku ana macho, wewe una macho, tofauti iko wapi? Nikalala chali, nikatiwa. Inachoma!

Alhamisi, 18 Januari
Sijalala. Mwanga unachoma kama pilipili. Ndani ya jicho kuna doa jeupe. Shangazi anasema ndio uchafu unatoka. Mpambaji kaja, kaniona, karudi nyuma hadi barabarani. Kapaza sauti kutoka huko: atanipamba kwa video call.

Ijumaa, 19 Januari
Faraji kaja mwenyewe. Hata salamu hakutoa, kanipakia kwenye gari hadi hospitali Mbeya mjini. Shangazi naye kapanda, kavaa miwani ya jua.

Daktari ni dada mpole. Kauliza nimetia nini. Chai, nikasema. Maziwa ya jirani. Na dawa ya... nikanong'ona.
"Ya nini?"
"Ya kuku!" shangazi akajibu kwa fahari. "Na kuku wetu wote wanaona."

Daktari akaweka kalamu chini. Ni kidonda kwenye kioo cha jicho, akasema. Wekundu ule mara nyingi hupona wenyewe, ila tunayoyatia ndiyo yanaharibu. Nalazwa leo leo. Shangazi kauliza kama shehe anaruhusiwa wodini kesho kufungisha ndoa, na wageni wangapi, na pilau.

Daktari alishanifunika jicho la kulia, lile lisiloumwa.
"Vidole vingapi?"
Shangazi kanishika mkono.
"Viwili," nikasema.
Daktari akasema polepole:
"Amna, bado sijainua mkono."